Mashine ya kupasua magogo ikikosa nguvu si lazima iwe pampu: dhana potofu na ukweli

Ukipita viwanda vya majani chai huku Kericho na Nandi utaona marundo ya kuni za blugamu, na kando yake mashine ya kupasua magogo: injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili kwenye silinda, na pistoni ya silinda ndio inasukuma kisu kwenye gogo. Boila inakula kuni mchana na usiku ndio mvuke wa kukausha majani upatikane, na gogo nene lisilopasuliwa linachukua muda mrefu kukauka, ukilitia likiwa bichi sehemu ya nguvu ya moto inaishia kuchemsha maji yaliyo ndani ya mti. Kwa hivyo mashine ikilala kila mtu anakuwa fundi ghafla, dereva wa trekta, mpakiaji, mpaka mlinzi wa geti, na wote jibu lao ni moja.

"Haina nguvu, pampu imekufa." Hii ndio imekula pesa za watu kuliko nyingine zote. Pampu haitengenezi presha jamani, pampu inasukuma oili basi. Presha inazaliwa pale oili inapozuiliwa, yaani kisu kimegusa gogo na oili haina pa kwenda. Sasa kama kuna mahali inapata njia ya panya, mfano relifu valvu (ile inayorudisha oili tanki presha ikizidi) imekwama wazi sababu ya uchafu ama sili za pistoni (zile raba za kuzuia oili isipite) zimekatika ndani ya silinda, hata ukifunga pampu mpya iliyotoka kwa katoni leo presha haitapanda. Mwendo unaletwa na wingi wa oili, nguvu inaletwa na presha pamoja na upana wa pistoni, hayo ni mambo mawili tofauti. Mashine inayokimbia ikiwa tupu halafu ikigusa gogo inasimama, mara nyingi shida iko kwenye relifu valvu ama sili za pistoni. Inayojikokota hata bila gogo, anza upande wa kufyonza: oili imepungua, chujio limeziba, ama ile paipu laini ya kutoka tanki inajibana ikinyonywa.

Na kabla ya hayo yote zima injini, inama uangalie kapulingi, kile kiungo kati ya injini na pampu. Ile raba ya katikati ikisagika ama ufunguo wa shafti (kile kipande cha chuma kinachoshikanisha shafti na kapulingi) ukikatika, injini inanguruma vizuri kabisa na pampu imesimama tuli. Nimeshaona pampu nzima ikifunguliwa na kupelekwa mjini kumbe ni kiraba.

Kama yako inaendeshwa na mota ya umeme wa fezi tatu kuna moja ya ajabu zaidi. Mashine ilifanya kazi Ijumaa, wikendi umeme ukaunganishwa upya, Jumatatu haisukumi. Waya mbili zimebadilishana, mota inazunguka kinyume. Pampu ya gia ina upande wake wa kuzunguka, ukiigeuza haitoi presha na inaweza kusukuma sili ya shafti ikatoka. Angalia mshale uliochorwa kwenye pampu kabla hujawasha, na kama ni kinyume mwambie fundi wa umeme abadilishe waya mbili kati ya zile tatu, kazi ya dakika chache.

"Silinda haivuji nje, basi iko sawa." Hapana. Sili ya fimbo, kile chuma cha duara kinachotoka kwenye silinda, ikifa utaona oili inatiririka nje, lakini ya pistoni ikifa oili inapita upande wa pili kimyakimya na nje kukavu kabisa. Kuipima ni hivi: sukuma pistoni mpaka mwisho, zima mashine, chezesha liva mbele na nyuma presha iishe, fungua paipu ya upande wa fimbo uizibe kwa plagi, weka ndoo chini ya tundu la silinda, washa tena na usukume liva ya mbele, wewe ukiwa umesimama mbali na hilo tundu. Oili ikiendelea kumiminika sili za pistoni zimekwisha. Yakitoka matone tu mwanzoni kisha pakawa pakavu, silinda ni nzima. Liva ya kurudisha usiiguse wakati huo, presha yote itakuja kwenye paipu uliyoiziba.

"Kaza relifu valvu uongeze tani." Uuuh. Hii inafanywa na spana tu, bila geji, mtu anazungusha huku anasikiliza injini. Piga hesabu kwanza. Silinda ya inchi 4 kwa psi 2,500 (psi ni kipimo cha presha) inasukuma tani 14 hivi, ya inchi 5 kwa presha hiyohiyo inafika 22. Ukitaka tani zaidi tafuta silinda pana na ukubali itatembea polepole. Ukikaza valvu kupita kiwango unachopata ni paipu kupasuka, fimbo kupinda au mwili wa pampu kupasuka. Geji ya presha ukiifunga kati ya pampu na valvu ya liva itakuambia ukweli, na bei yake hata haikaribii ya pampu.

Kuna wanaoshtuka kisu kikigusa gogo, sauti inabadilika na mwendo unapungua. Mbona hiyo ndio kazi yake. Pampu nyingi za mashine hizi zina hatua mbili, mwanzoni oili nyingi kwa presha ndogo, halafu presha ikifika psi 500 au 600 hivi inahamia oili kidogo kwa presha kubwa. Cha kukutia wasiwasi ni injini kuzimika kila ikigusa gogo, hapo pengine pampu imegoma kuhama. Vilevile pistoni kurudi haraka kuliko inavyokwenda si ugonjwa, fimbo imejaza sehemu ya silinda kwa hivyo upande huo unahitaji oili kidogo.

"Oili ni oili." Wengine wakikosa ya haidroliki wanamimina brek fluidi, eti nayo si ya haidroliki? Brek fluidi ya kawaida ya magari ina asili ya glaikoli, sili za mashine hizi zinavimba na kulainika, na hapo hutabadilisha moja, utabadilisha zote. Soma kitabu cha mashine, nyingi zinataka oili ya namba ya uzito 32 au 46, na sehemu za joto 68. Oili ikiwa nyeupe zima uiache usiku kucha. Ikiwa ni hewa itasafika yenyewe, basi kaza klipu za paipu ya kufyonza, ndipo hewa inapoingilia, na pampu utaisikia inalia kama inatafuna changarawe. Ikibaki nyeupe asubuhi, hayo ni maji, imwage. Na ukipima kiwango cha oili, pistoni iwe imerudi ndani yote. Ukijaza tanki pistoni ikiwa nje, ikirudi tu oili inafurika.

Sasa hii soma polepole. "Pitisha mkono kwenye paipu utasikia panapovuja." Usithubutu. Tundu dogo usiloliona linatoa oili kwa psi 2,000 na zaidi, inapenya ngozi hata kupitia glavu. Unachoona ni kidoti kama umechomwa na sindano, saa nyingine hata hakiumi, mtu anafuta anaendelea na kazi, na huko ndani oili imesambaa kwenye kidole inaua nyama. Ikitokea ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama unajisikia mzima, na umwambie daktari wazi kwamba ni oili ya presha kubwa imeingia mwilini, kwa sababu mara nyingi inahitaji upasuaji wa haraka na wanaochelewa hupoteza vidole. Panapovuja tafuta na kipande cha katoni ukiwa umevaa miwani, na paipu ikishaanza kutoa jasho ibadilishe, usiifunge na mpira wa tyubu.

Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba nayo ibaki kwenye mabomba ya maji. Vipande vyake vinakatika, vinaingia kwenye valvu, na relifu inakwama wazi.