Rambo Hazikuisha 2019: Tunayodanganyana Kuhusu Mifuko ya Plastiki

Ukiwauliza watu wengi watakwambia rambo ziliisha tarehe 1 Juni 2019, serikali ya Tanzania ikapiga marufuku tukamalizana. Siyo kweli jamani. Kilichokatazwa ni mfuko wa kubebea, vifungashio vya viwandani, vya dawa na vya kilimo viliruhusiwa, na huku mtaani zile nailoni laini za kufungashia zisizo na maandishi ndo zimegeuzwa rambo mpya, nenda genge lolote kanunue nyanya za jero uone utafungiwa kwenye nini.

Nyingine naisikia sana, eti "nikiichoma inaisha". Haiishi, inageuka moshi na masizi na wa kwanza kuuvuta ni wewe na mtoto uliyembeba mgongoni. Hii ya kuwashia jiko la mkaa kwa rambo ndo inaniuma zaidi, maana plastiki inayeyuka inadondoka kwenye mkaa vitone vitone huku inawaka, moshi mweusi unajaa koridoni, afu muda kidogo tu sufuria ya maharage inabandikwa hapohapo. Makaratasi yapo, vijiti vipo, na kifuu cha nazi kinawaka vizuri tu.

Kuizika nako bure. Haiozi kama ganda la ndizi, inakatikakatika vipande vidogo vinabaki humohumo kwenye udongo, na mvua kubwa ikifukua inaishia mtaroni, mtaro ukiziba maji yanaingia ndani kwenu. Ng'ombe na mbuzi wanaozurura jalalani wanaila sababu inanukia chakula, haisagiki, inajikunja tumboni mpaka mnyama anakonda na kufa njaa wakati tumbo limejaa.

Halafu ile mifuko mbadala, wengi wanajua ni kitambaa. Mingi ni polipropilini, plastiki vilevile! Faida yake ni pale unapoirudia tena na tena, ukiitupa baada ya kwenda sokoni mara moja hujasaidia kitu. Mi nashauri kikapu cha ukindu.

Sasa zilizopo ndani ufanyeje? Zikung'ute, zikaushe, zitumie mpaka zichoke, zikichanika zipige fundo zisipeperuke, weka kwenye taka zinazobebwa na gari, mbali na mabaki ya chakula. Usitegemee waokota chupa wazichukue, wao wanauza kwa kilo na rambo haina uzito.