Kiharusi hakiishii kwenye misuli

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kiharusi hupooza misuli tu, na kwamba mfupa, kwa kuwa ni mgumu, hubaki salama mgonjwa akipumzishwa kitandani. Sivyo. Mfupa ni kiungo hai: zipo seli zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga upya, siku zote. Kinachochochea ujenzi ni uzito wa mwili na mvuto wa misuli. Mguu usipokanyaga chini, ubomoaji hushinda.

Mfupa huanza kupungua mapema, ndani ya miezi ya kwanza, na zaidi upande uliopooza. Mkono mara nyingi huathirika kuliko mguu. Mgonjwa akiteleza wakati wa kushuka kitandani, huelekea kuangukia upande ule ule dhaifu, na nyonga huweza kuvunjika kwa anguko dogo tu. Hilo linaniuma, maana mara nyingi lingeepukika.

Daktari akisharuhusu, mgonjwa asimamishwe, hata kwa kushikiliwa pande zote mbili, nyayo zote zikigusa sakafu. Na daktari aulizwe pia kuhusu vitamini D, inayosaidia mifupa kuwa imara, hasa kwa anayeshinda ndani bila kuota jua.