Kiko cha gunzi hakioshwi

Mwezi uliopita alinijia mzee mmoja wa Pangani, kiko chake kimefungwa fundo ndani ya mfuko wa nailoni kama dagaa wa kupelekewa mtu. Nikampa shikamoo, akaitika, na hata kabla hajakaa vizuri kwenye benchi akaanza mashtaka. "Mwanangu, hiki ulichoniuzia kimegeuka shubiri. Nikivuta ni kama natafuna mwarobaini. Wala si uchafu, maana kila Ijumaa nakiosha kwa maji ya moto na sabuni ya kipande, nakisuuza mpaka maji yanatoka meupe."

Nikafungua fundo. Kwanza ikanipiga harufu, ile ya dekio lililosahauliwa ndani ya ndoo. Kwenye kuta za ndani ukungu ulikuwa umetanda kama unga wa muhogo, gunzi limevimba hadi limepasuka upande mmoja, na pale panapopachikwa mrija wa mdomo palikuwa pamelegea, nikauchomoa kwa vidole viwili bila nguvu. Tumbaku haikuwa na kosa. Kiko kilikuwa kimezama.

Nachonga na kutengeneza viko hapa Ngamiani, mjini Tanga, mwaka wa kumi na saba huu, na vile vinavyoletwa kwa kesi ya "kimekuwa kichungu" vingi vimeuawa na usafi kuliko uchafu. Watu wanakitendea kiko cha gunzi kama kikombe cha chai. Kikombe hakinywi chai. Gunzi linakunywa.

Kwanza majina, maana nitayatumia mpaka mwisho. Wazee wa pwani walivuta kiko cha maji. Bori ndiko tumbaku na moto vilikokaa, digali ndio mti uliopeleka moshi ndani ya maji, na shilamu ndiyo iliyokwenda mdomoni. Ule mlio wa maji mtu akivuta uliitwa malio ya kiko. Kiko cha gunzi hakina digali wala maji, ila bori lipo na shilamu ipo. Malio nayo yapo wakati mwingine, tena hapo ndipo watu wanapojichanganya. Kwenye kiko cha maji malio ni uzima. Kwenye gunzi malio ni maradhi. Ukivuta ukasikia kitu kinabwabwaja chini kama mtoto anayenyonya soda iliyoisha kwa mrija, weka kiko chini, kuna maji.

Maji hayo hayakumwagwa na mtu. Tumbaku hata ikauke vipi ina unyevu wake, na kitu chochote cha mmea kikiungua hutoa mvuke. Mvuke ukitoka kwenye bori lenye moto ukakutana na shilamu iliyo baridi unageuka matone, sawa na yanayoning'inia kwenye mfuniko wa sufuria ya wali. Matone yanazoa lami na majivu laini njiani, kisha yanarudi chini ya bori au yanakuja ulimini. Huo mchuzi mweusi ndio shubiri ya yule mzee.

Sasa likate gunzi kavu kwa msumeno ulitazame. Katikati kuna kiini cheupe, laini kama sponji. Kukizunguka kuna pete ngumu kama mti. Nje ni yale makapi yaliyoshikilia punje. Tukitoboa bori tunaondoa kiini na kubakiza pete, na pete hiyo imejaa vitundu visivyohesabika. Inafyonza unyevu wakati unavuta na kuuachia polepole ukishakiweka kando. Ndiyo maana kiko kipya cha gunzi huvutika baridi na kitamu tangu siku ya kwanza, wakati kile cha mti mgumu hutaka kuzoeshwa kwa wiki kadhaa. Lakini kinachofyonza hushiba, na gunzi lililoshiba halina pa kuweka mchuzi wa leo. Linakurudishia wa jana.

Biashara hii Wamarekani wameifanya kubwa. Henry Tibbe, fundi wa kukereza mbao aliyehamia kutoka Uholanzi, alianza kutengeneza viko vya gunzi mwaka 1869 katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, na mwaka 1878 akapata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kuziba vishimo vya nje ya gunzi kwa plasta ya jasi. Kampuni iliyotokana naye, Missouri Meerschaum, ipo mpaka leo, na magunzi yake huachwa kama miaka miwili yakauke kabla ya kuguswa na mashine. Kiko cha jenerali wa Marekani Douglas MacArthur, kile kirefu alichokuwa nacho mdomoni aliposhuka kwenye ndege kule Atsugi, Japani, tarehe 30 Agosti 1945, kilikuwa gunzi. Nayataja haya kwa sababu ya ile plasta. Anayemiliki cha Marekani akakiosha kwa maji, plasta hulainika na kubanduka vipande vipande, kisha anakuja kwangu kulalamika kwamba cha kigeni nacho ni feki. Mimi situmii plasta. Naleta magunzi kutoka Handeni, nachagua yale manene tu, nayaweka darini juu ya jiko mwaka mzima, na nje nakwangua kwa msasa basi.

Usafi wa gunzi, kwa hiyo, ni kukausha. Na kukausha kunaanza palepale ulipomaliza kuvuta, kiko kingali vuguvugu. Udongo uwahi ungali maji, wasema wahenga, na majivu nayo ni hivyohivyo: vuguvugu ni vumbi, yakipoa ni tope, kesho ni saruji. Mwaga majivu kwa kugonga bori kwenye kiganja. Si kwenye ukuta, si kwenye kisigino cha kiatu, si kwenye ukingo wa meza. Gunzi halipasuki siku hiyohiyo, linapata ufa usioonekana, na ufa unasubiri.

Shilamu usiichomoe bado. Hili nalirudia kwa kila mteja na kila mteja analisahau. Kiko kikiwa na joto na unyevu, mti wa shingo, ule unaounganisha bori na shilamu, umevimba umeishika shilamu kwa nguvu. Ukichomoa wakati huo unapanua tundu, ukifanya hivyo mara ishirini shilamu inacheza kama jino la mtoto. Iache mahali pake, upitishe unyoya.

Ndiyo, unyoya wa kuku. Wa bawa la jogoo ndio bora, una mti mgumu unaopinda bila kuvunjika. Uoshe, uanike, kisha unyoe pande zote mbili ubakize kishungi cha nchani, urefu wa kiungo kimoja cha kidole. Unaingilia mdomoni mwa shilamu, unatokea ndani ya bori, unarudi mweusi. Pitisha, futa kwenye kitambaa, pitisha tena, mpaka urudi mkavu. Huko ng'ambo wanazo waya nyembamba zilizovikwa pamba, ni nzuri ukiletewa. Zile za rangirangi zinazouzwa madukani kwa kazi za mikono za watoto usizinunue, manyoya yake ni ya plastiki, yanasukuma mchuzi huku na huku wala hayanyonyi. Wengine hutumia chelewa ya ufagio iliyozungushiwa pamba. Inafaa, ila zungushia pamba kwa kuikaza sana na anzia mbali na ncha, la sivyo pamba inabaki katikati ya shilamu na utaitafuta kwa waya nusu saa.

Bado joto lipo kidogo. Sokota karatasi ya chooni iwe kama utambi mnene, ichomeke ndani ya bori hadi chini, zungusha mara mbili, halafu iache humo dakika tano. Utaitoa ina duara la kahawia chini yake. Duara hilo lingelala ndani ya gunzi. Kiko kikishapoa kabisa, sasa chomoa shilamu, weka vipande viwili wazi penye upepo mpaka kesho. Kazi yote haifiki dakika kumi, na anayeifanya kila siku simwoni tena kibandani, jambo ambalo kibiashara halinisaidii.

Mpaka kesho nimesema makusudi. Gunzi linataka siku nzima ya mapumziko, na kwetu Tanga, hewa hii ya chumvi na jasho, wakati wa masika nasema siku mbili. Rafiki zangu wa Lushoto wanavuta asubuhi na jioni kiko kilekile, huko juu ni baridi lakini wanakianika karibu na moto. Hapa mjini Machi mpaka Mei hata sanduku la nguo linaota ukungu. Anayevuta kila siku awe na viko viwili au vitatu, avizungushe. Wala visikae kwenye nailoni, kopo lenye mfuniko, au mfuko wa suruali. Kipande cha kanga kuukuu kinatosha, na kitundikwe.

Kuna ukoko. Ukivuta kwa wiki kadhaa ukuta wa bori unafanya tabaka jeusi la kaa, sawa na ukoko wa chungu. Wavutaji wa viko vya mti huuthamini na kuulea, na mazoea hayo wameyahamishia kwenye gunzi. Mimi siyakubali. Ukoko mwembamba ni sawa, unakinga ukuta usiungue. Ukizidi unene wa kadi ya benki unaziba vile vitundu tulivyokuwa tunavisifu, na kwa kuwa kaa na gunzi havitanuki sawa vikipata joto, ukoko mnene hulipasua gunzi kwa ndani. Upunguze, lakini si kwa kisu. Nimeona mabori yaliyotobolewa na wembe wa kunyolea. Viringisha msasa laini kwenye kijiti cha unene wa kidole, zungusha taratibu bila kukandamiza, mwaga vumbi, tazama, zungusha tena. Ukiona rangi ya gunzi yenyewe umeshapita kiasi.

Kwenye baadhi ya viko, vya Marekani hasa, mti wa shingo umejitokeza ndani ya bori, chini. Mara nne tano za kwanza mti huo unaungua na kutia ladha ya kuni. Wengi hudhani kiko ni kichafu, wanaanza kukisugua. Kiache. Ukishageuka kaa ladha hiyo inakwisha. Asiye na subira apake hapo uji mzito wa majivu na maji, uache ukauke siku mbili kabla ya kuvuta.

Pombe kali nayo wameniuliza sana, kwa sababu kiko cha mti husafishwa kwa chumvi na pombe: unajaza chumvi, unadondoshea pombe, kesho uchafu umehamia kwenye chumvi. Miaka yangu ya mwanzo nilikifanyia hivyo kiko cha mteja, gunzi zuri, la mkono wangu. Asubuhi nilikuta chumvi imegeuka kahawia, nikajisifu. Alipokivuta alitema. Chumvi ilikuwa imeyeyuka kwenye unyevu na kuingia kwenye pete, na gunzi halikuiachia tena. Nilimpa kipya bila malipo, na mpaka leo akinikuta sokoni Mgandini ananiuliza kama nauza na ng'onda, samaki wa chumvi. Pombe kwenye gunzi ni ya shilamu tu: umeshaichomoa, unalowesha ncha ya unyoya kidogo, unapitisha, unaiacha ipigwe na upepo. Iwe pombe ya kunywa, isiyo na sukari. Spiriti ya bluu ya kuwashia ina sumu, isikaribie kitu kinachoingia mdomoni. Shilamu ya plastiki, ikiwa imetengana na bori, ndiyo pekee inayoruhusiwa maji na sabuni, maji ya uvuguvugu, maana ya moto yanaipinda. Umanjano wa pale panapouma meno hutoka kwa dawa ya mswaki na kitambaa.

Kabla hujakilaumu kiko, shika tumbaku. Finya kidogo kati ya vidole viwili kisha achia. Ikifumuka yenyewe ni sawa, ikibaki donge ni mbichi, na tumbaku mbichi itakupa malio hata kwenye kiko kipya. Itandaze kwenye gazeti barazani nusu saa. Na vuta polepole. Anayefukuta kama mhunzi anachemsha tumbaku badala ya kuiunguza, halafu ulimi ukimchonyota anakuja na kiko mkononi. Na tusidanganyane, usafi huu wote ni wa ladha. Moshi ni moshi, na madhara yake hayapunguzwi na unyoya wa kuku.

Gunzi lina umri wake. Bonyeza chini ya bori kwa kidole gumba. Likibonyea, au ukiona doa jeusi limetokeza nje, moto umekaribia kupita. Hakuna dawa, litie jikoni.

La mzee wa Pangani liliingia jikoni siku hiyohiyo. Shilamu yake, mwanzi mzuri alioutafuna miaka mitatu mpaka ukashika umbo la meno yake, niliipitishia unyoya mara kumi na mbili, nikaikwangua ncha, nikaipachika kwenye gunzi jipya. Akaivuta tupu, bila tumbaku, akasikiliza. Kimya. Nikamfungia na manyoya mawili ya jogoo ndani ya kitambaa.

"Sasa mwanangu," akaniuliza akiinuka, "Ijumaa nitaosha nini?"

Nikamwambia, "Kanzu, mzee wangu."