Websaiti yako haijafutika, wewe ndo unaenda kuifuta

Jamani leo naomba niseme, maana mwezi huu peke yake nimesikia mara nne na kila nikisikia roho inaniuma. "Kaka, tuliapdeti WordPress websaiti ikafa, tukaona bora tuifute tuiweke upya, sasa tunaomba uturudishie vitu vyetu." WordPress ndo programu inayoendesha websaiti zao. Wanaosema hivi ni watu wenye akili zao kabisa, mmoja mhasibu, mmoja mwalimu wa shule ya Nkuhungu, mwingine fundi simu pale Majengo. Wamezoea simu ikigoma unaifomati inaamka. Websaiti haiko hivyo, na hiyo kufuta ndiyo inayoua vitu ambavyo apdeti haikuvigusa.

Dhana yenyewe ni kwamba ukiona ukurasa mweupe mtupu, au yale maandishi ya Kiingereza kwamba kuna hitilafu kubwa kwenye websaiti hii, basi kila kitu kimeondoka. Hapana. WordPress ikijiapdeti inabadilisha folda mbili, wp-admin na wp-includes, pamoja na mafaili machache yaliyokaa nje pale public_html, folda kuu ya websaiti yako. Picha zako ziko ndani ya wp-content kwenye uploads, hazijaguswa. Maandishi, kurasa, bei, maoni ya wateja, hayo hata sio mafaili, yako kwenye databesi ya MySQL, ghala la taarifa za websaiti, na apdeti ikiigusa databesi ni kurekebisha mpangilio wa majedwali, haifuti ulichoandika. Ule weupe unaouona maana yake PHP, lugha ya kompyuta inayoendesha WordPress, imefika kwenye mstari mmoja wa kodi isiouweza ikasimama palepale. Mstari mmoja! Vingine vyote viko nyuma vimetulia.

Niwape mfano wa mwezi wa sita, wa mama mmoja mwenye lodge Kisasa. Mnajua mwezi wa sita Dodoma kunavyokuwa, Bunge la bajeti linaendelea, vyumba vinatafutwa kama maji, na huyu mama wageni wake wengi wanabuku kwa websaiti. Jumamosi asubuhi ananipigia, namwamkia, ananiitikia marahaba mwanangu halafu sauti inakatika. Mtoto wa dada yake, kijana anayemsaidia, Ijumaa jioni aliapdeti WordPress, halafu akaona kwenye dashibodi onyo kwamba PHP yake ni ya zamani, akaingia cPanel, ule ukurasa wa kusimamia websaiti kule inakohifadhiwa, akaipandisha kutoka 7.4 kwenda 8.1. Websaiti ikawa nyeupe. Kijana akahangaika nusu saa, akaenda kwenye ile programu ya kuinstoli kwa kubonyeza mara moja, akachagua kuondoa, akaacha tiki zote mbili kama alivyozikuta, ya kufuta folda na ya kufuta databesi. Vikaondoka vyote kwa sekunde kadhaa.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Nilimwomba mama anifungulie imeili yake kwenye simu. Ipo pale, haijasomwa, imeingia saa mbili na dakika kumi usiku Ijumaa, imetoka kwenye websaiti yake mwenyewe. Ndani imeandikwa jina la plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kubuku vyumba, imeandikwa faili gani, mstari wa 212, na sababu: create_function haipo. Hiyo create_function ni kitu cha zamani kilichoondolewa kwenye PHP 8.0, na plagini yake ilikuwa haijatunzwa na mwenye nayo miaka kadhaa. Kwa hiyo WordPress haikuwa na kosa lolote. Dawa ilikuwa kurudi cPanel, kuchagua tena 7.4, kusevu, websaiti inarudi na wageni wanaendelea kubuku wakati tunatafuta plagini nyingine yenye uhai. Dakika mbili. Badala yake tulikuja kupata bekapu ya mwezi wa tatu, bei za zamani, vyumba vipya vya ghorofani havimo, tukaenda kupiga picha upya chumba kwa chumba, na buking za wiki zile hakuna aliyejua nani kabuku nini, mama akawa anasubiri wageni wajitokeze mlangoni na karatasi zao.

Kwa hiyo ikikutokea, mikono nje ya kitufe cha kufuta. Anza na imeili. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress ikikwama hivi inamtumia admini imeili yenye maelezo ya kosa na linki ya kuingilia dashibodi huku plagini yenye shida imesimamishwa kwa ajili yako tu. Linki inaisha nguvu baada ya siku moja, usilale nayo. Na hapa ndo watu wengi wanakwama, imeili iliyoandikwa kwenye mipangilio ni ya yule fundi wa kwanza aliyeitengeneza websaiti miaka hiyo, ambaye siku hizi yuko Mwanza na hata namba kabadilisha. Kama websaiti yako ni nzima leo, ingia sasa hivi ubadilishe iwe imeili unayoisoma.

Imeili hakuna? Fungua File Manager kwenye cPanel, ingia public_html, tafuta faili linaitwa error_log, shuka mpaka chini kabisa kwa sababu mapya yako chini. Lisipokuwepo, fungua wp-config.php, pale palipoandikwa WP_DEBUG weka true, na WP_DEBUG_LOG nayo true, ila WP_DEBUG_DISPLAY weka false wageni wasione matumbo ya websaiti yako, halafu fungua websaiti mara moja, makosa utayakuta kwenye wp-content faili linaitwa debug.log. Usiogope urefu. Unatafuta mstari wenye neno Fatal, na ndani yake njia inayopita wp-content/plugins, jina la folda linalofuata hapo ndo mtuhumiwa wako. Nenda kwenye hiyo folda uibadilishe jina, ongeza hata herufi moja mwishoni, WordPress ikiikosa inaendelea bila hiyo. Mipangilio ya plagini inabaki kwenye databesi, ukirudisha jina unaikuta. Njia ikipita wp-content/themes basi ni themu, ile inayoipa websaiti mwonekano wake, unaibadilisha jina vilevile ilimradi uwe na themu nyingine ya kawaida ndani ya kushika nafasi. Na kama kosa linaonyesha mafaili ya WordPress yenyewe, labda mtandao ulikatika apdeti ikiwa katikati, pakua WordPress mpya, toa wp-admin na wp-includes za zamani uweke mpya. Wp-content usiiguse, wp-config.php usiiguse. Nasema tena usiiguse.

Kuna aina nyingine ambayo logi, yaani hayo mafaili ya makosa, haiwezi kukuonyesha, ukurasa unafungua vizuri lakini menyu haibonyezeki na zile picha za kuteleza zimeganda. Hiyo shida iko kwenye brauza, sio kwenye seva. Mwaka 2020 mwezi wa nane toleo la 5.5 lilipoacha kupakia jQuery Migrate, kipande cha kodi kinachosaidia kodi za zamani kufanya kazi, websaiti nyingi zilipatwa na hiki kitu, zile zenye themu za zamani. Kwenye kompyuta bonyeza F12, nenda Console, maandishi mekundu yatakutajia faili.

"Ndo maana mimi siapdeti kabisa." Hii nayo naisikia sana, hasa kwa walioumia mara moja. Mwaka 2017 matoleo ya 4.7.0 na 4.7.1 yalikuwa na tundu kwenye REST API, mlango ambao programu nyingine zinatumia kuongea na websaiti, mtu yeyote bila paswedi alikuwa anaweza kubadilisha maandishi ya kurasa zako. Likazibwa kwenye 4.7.2, tarehe 26 Januari. Walioapdeti walipona, na waliozima apdeti za kujiendesha, ambazo zipo tangu 3.7 ya 2013, waliamka wakakuta kurasa zao zimeandikwa matusi na majina ya wahuni. Apdeti ni lazima, tatizo ni namna watu wanavyoapdeti. Ijumaa jioni, vyote kwa mpigo, wakiwa njiani kwenye treni kwenda Dar na simu mkononi! Apdeti Jumanne asubuhi ukishakunywa chai, bekapu kwanza, plagini moja moja, ukimaliza moja unafungua websaiti unaangalia. Usiguse toleo la PHP siku hiyohiyo, maana kikiharibika hutajua kimeharibiwa na nini. Wateja wangu wote wanajua msimamo wangu kuhusu Jumanne na sitaubadilisha.

"Bekapu ipo, wenye hostingi, wale wanaotuhifadhia websaiti, wanayo." Umewahi kuiona? Umewahi kuirudisha hata mara moja ukaona inafunguka? Kama imekaa kwenye akaunti ileile ya hostingi, akaunti ikifungwa imeenda nayo. Bekapu ni databesi pamoja na wp-content, vyote viwili, vimekaa pengine, hata kwenye diski yako ya nje nyumbani.

"Nimehakiwa." Mara nyingi hapana. Ukiona ujumbe kwamba websaiti iko kwenye matengenezo rudi baada ya dakika moja, hilo ni faili linaitwa .maintenance, WordPress inaliweka yenyewe ikianza apdeti na kuliondoa ikimaliza. Likibaki ukipita muda wa dakika 10 WordPress inalipuuza, lakini jua kwamba apdeti haikuisha, lifute uapdeti tena. Linaanza na nukta kwa hiyo kwenye File Manager ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane. Kuhakiwa ni pale ukikuta admini usiyemjua, au mgeni akibonyeza anapelekwa kwenye kamari.

"Rudisha tu bekapu ya wiki iliyopita." Kwa websaiti ya shule sawa. Kwa duka inategemea. Kuna ndugu mmoja anauza mafuta ya alizeti kutoka Singida, alirudisha bekapu ya siku tatu nyuma bila kuniuliza, websaiti ikapona, oda za siku tatu zikapotea na watu walishalipa. Ukiwa na duka chukua kwanza nakala ya databesi ilivyo sasa hivi hata kama websaiti imekufa, ndo urudishe.

Na ile "mbona kwangu inafungua", hapo unaangalia kashe, nakala ya zamani iliyohifadhiwa. Fungua kwa dirisha la siri, au mwombe mtu wa mtandao mwingine kabisa aifungue akupigie skrinishoti, ndo tuanze kuongea.