Je, wajua? Si kila wazo la nadharia ya kompyuta hupewa makala ya Wikipedia

Chukua lori la soda linalotoka Dodoma mjini, lipite Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, kisha lirudi lilikotoka. Mpangilio upi una kilomita chache kuliko yote? Kwa vituo hivyo 6 kuna mizunguko 360 ya kulinganisha, ukihesabu mzunguko na kinyume chake kuwa kimoja. Vituo vikifika 10, mizunguko ni 1,814,400. Hilo ndilo tatizo la mchuuzi msafiri, nalo lina makala yake Wikipedia.

Sasa tuseme mwanafunzi wa pale Chuo Kikuu cha Dodoma anaongeza sharti: vituo vyenye namba tasa vitembelewe kwanza. Anathibitisha jambo kuhusu tatizo hilo jipya na andiko lake linachapishwa. Nalo lipewe makala? Kwa kawaida hapana, hata kama uthibitisho wake hauna kasoro.

Ensaiklopidia haiulizi wazo lina akili kiasi gani, wala litamsaidia nani. Inauliza kama watu wasiohusika na mwenye wazo wamelieleza kwa kina katika machapisho ya kuaminika. Mwaka 1962 mwanahisabati Tibor Radó aliuliza swali linaloonekana la kitoto: kati ya mashine za Turing (kompyuta za kufikirika zinazosoma na kuandika kwenye utepe) zenye idadi fulani ya hali, zikianza na utepe mtupu, ipi hukawia zaidi kabla ya kusimama? Kwa hali 5 jibu lilithibitishwa mwaka 2024: hatua 47,176,870. Hakuna duka litakaloendeshwa kwa namba hiyo, lakini swali lenyewe limeandikwa na wengi, kwa hiyo lina makala.

Upimaji huanza na jina. Liweke ndani ya alama za nukuu kwenye kitafutio cha machapisho ya kitaaluma, kisha jaribu majina mengine, maana wazo moja huweza kuzaliwa mara mbili. Mwanasayansi wa kompyuta Stephen Cook alichapisha mwaka 1971 matokeo yake kuhusu matatizo yaliyo magumu kwa kompyuta. Leonid Levin, akiwa Umoja wa Kisovyeti, alichapisha mwaka 1973 matokeo yanayofanana nayo. Leo nadharia hiyo hubeba majina yote mawili.

Ukishapata orodha, futa maandiko ya mwenye wazo, ya walioandika naye na ya msimamizi wake. Yanayobaki yafungue uyasome. Kuyahesabu tu hakutoshi, na hapa ndipo wengi huteleza. Mara nyingi utakuta sentensi kama hii: “Matoleo mengine ya tatizo hili yamechunguzwa katika [9], [14] na [22].” Namba 14 ndilo wazo lako. Kitafutio kimelihesabia rejeo, lakini kutoka sentensi hiyo huwezi kuandika hata mstari mmoja wa makala. Marejeo 40 ya namna hiyo hayafikii kurasa mbili za kitabu cha kiada zenye fasili, mfano na uthibitisho.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Waliozoea fani nyingine hudharau maandiko ya makongamano. Katika nadharia ya kompyuta, kongamano kama STOC, mkutano wa kila mwaka wa fani hiyo, huchuja maandiko vikali, na andiko la Cook lilitolewa huko huko. Ila andiko la kongamano bado ni sauti ya mwenye wazo; linathibitisha kwamba jambo lilisemwa, si kwamba wengine walilishughulikia. Andiko lililowekwa tu arXiv, hifadhi ya maandiko ya kitaaluma mtandaoni, ni dhaifu zaidi, kwa sababu halijapitiwa kikamilifu na wataalamu wengine.

Vyanzo si lazima viwe vya Kiswahili, hata kwa Wikipedia ya Kiswahili.

Kama bado una shaka, jaribu kuandika aya nne: fasili, mfano, kilichothibitishwa, na wengine walilifanyia nini wazo hilo. Aya ya nne ikigoma, au ukijikuta unaikamilisha kwa hoja zako mwenyewe, acha. Weka sentensi mbili zenye rejeo ndani ya makala ya tatizo la mchuuzi msafiri, kisha tengeneza ukurasa wa kuelekeza wenye jina la wazo, ili anayelitafuta afikishwe hapo. Kikitokea kitabu kinacholieleza, ukurasa huo huo hugeuzwa kuwa makala, na kazi huanzia kwenye zile sentensi mbili.