Siku 90 si za polisi: uongo unaozunguka kuhusu kesi za ugaidi

Nimechoka na hii kitu. Mtu anaingia ofisini, kijana wake amechukuliwa na ATPU, kikosi cha polisi cha kupambana na ugaidi, tangu wiki iliyopita, namuuliza mama mbona hukuja siku ile ile, jibu ni lile lile: "Wakili, tuliambiwa kesi ya ugaidi polisi wana siku 90, tukaona tungoje." Nani kawaambia? Mara ni askari wa kaunta, mara ni mzee wa mtaa, na siku hizi inazungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp kama vile imeandikwa kwenye katiba. Mimi nafanya kesi hizi hapa Mombasa na hakuna uongo unaoumiza wateja wangu kama huu, kwa hivyo leo nauchambua mpaka mwisho, uongo mwingine nitaupitia haraka haraka.

"Ukishikwa kwa ugaidi polisi wanaruhusiwa kukuweka siku 90"

Hapana. Polisi wana masaa 24. Katiba ya 2010 kifungu cha 49 inasema aliyeshikwa afikishwe kortini haraka iwezekanavyo na isizidi masaa 24, haikuandika popote "isipokuwa mshukiwa wa ugaidi". Na hiyo Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ambayo kila mtu anaisingizia, kifungu cha 32 kinarudia masaa 24 hayo hayo. Siku 90 mnazozisikia ziko kifungu cha 33 na ni ukomo aliowekewa hakimu, si ruhusa aliyopewa askari. Yaani polisi wakitaka kuendelea kumshikilia mtu ni lazima wamlete mwenyewe asimame mbele ya hakimu, waandike ombi, waape sababu zao, na yeye ana haki ya kupinga. Hakimu akikubali hawezi kutoa zaidi ya siku 30 kwa mara moja, wakitaka zaidi wanarudi tena kuomba, na ukijumlisha zote tangu siku ya kushikwa hazipiti 90.

Tena hakimu hapaswi kugonga muhuri tu. Sheria inamtaka aone sababu nzito, mfano kwamba mtu huyu atatoroka, ataingilia mashahidi au uchunguzi, au atafanya kosa akiwa nje, au kwamba kumweka ndani ni kwa usalama wake mwenyewe. "Bado tunachunguza" pekee si sababu. Nimeona ombi la siku 30 likikatwa kuwa chache sana kwa sababu wakili alisimama akauliza swali moja, ni kitu gani mnachunguza ambacho hamuwezi kukichunguza huyu akiwa nyumbani kwake? Mpelelezi akabaki anafungua faili na kufunga. Lakini kama hakuna wakili pale wala jamaa hata mmoja kwenye benchi, ombi linapita kama lilivyo na watu wanatoka nje wakisema si unaona, ugaidi ni siku 90.

Hesabu ya masaa nayo muijue. Ukishikwa Jumanne saa nne asubuhi, Jumatano saa nne uwe umeshafika kortini. Ukishikwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni masaa yanaisha Jumamosi na korti imefungwa, kwa hivyo muda unasogea mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata ambayo ni Jumatatu, na Jumatatu ikiwa sikukuu ni Jumanne. Simu nyingi za watu wanaolia hunijia Ijumaa jioni na mimi siamini kwamba hiyo inatokea tu yenyewe.

Wazee nawaelewa kidogo, manake katiba ya zamani iliruhusu siku 14 kwa makosa ya kunyongwa, kwa hivyo kichwani mwao kosa kubwa lina muda mrefu. Hiyo iliisha Agosti 2010. Vijana wa leo hawana kisingizio hicho.

Kwa nini nakasirika hivi? Kwa sababu masaa ya mwanzo ndiyo yenye hatari. Hapo ndipo mtu anapigwa, hapo ndipo anaandikishwa taarifa bila wakili, hapo ndipo anahamishwa. Mwanzoni mwa 2007 watu zaidi ya 80 waliokuwa wameshikwa Kenya wakikimbia vita vya Somalia walipakiwa kwenye ndege wakapelekwa Somalia, wengi wakaishia kwenye jela za Ethiopia, na walikuwemo wanawake na watoto. Mwaka huo huo Mkenya aliyekamatwa hapa hapa Mombasa alijikuta Guantanamo na akakaa huko karibu miaka 18 bila kufunguliwa shtaka hata moja, mpaka Marekani ilipomrudisha Desemba 2024. Baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010 Wakenya wakavushwa mpaka kupelekwa Uganda bila hakimu wa hapa kuidhinisha, na Al-Amin Kimathi, mtetezi wa haki aliyekwenda kufuatilia kesi yao, naye akashikwa huko huko, akakaa ndani mwaka mzima kisha mashtaka yakafutwa. Mtu akishavuka mpaka jaji wa Mombasa hana mkono wa kumfikia tena, na nyinyi mko nyumbani mnahesabu siku 90.

Kwa hivyo mtu wenu akichukuliwa, usiku ule ule, si kesho, andika saa aliyochukuliwa, mahali, namba ya gari hata kama ni Probox ya kawaida isiyo na alama, nguo alizovaa, na nani aliona. Nenda stesheni uulize kama ameandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni. Wakisema hayuko, andikisha wewe mwenyewe ripoti kwamba mtu amechukuliwa, na usitoke pale bila namba ya OB. Narudia, usitoke bila namba ya OB, hata kama askari anakwambia kalamu imeisha wino, hata kama anakwambia rudi asubuhi mkubwa akiwepo, kaa kwenye benchi. Namba ile ndiyo inayomwonyesha jaji kwamba mliuliza lini na mkajibiwa nini. Zunguka stesheni nyingine pia na kila moja uandike jina la uliyeongea naye.

Kisha tunaingia Mahakama Kuu na ombi la habeas corpus, kwamba serikali imlete huyu mtu akiwa hai au ieleze yuko wapi. Si lazima ombi liletwe na aliyeshikwa, kifungu cha 22 cha katiba kinamruhusu mtu mwingine kuja kwa niaba yake, mama anaweza, jirani anaweza, na katiba inakataza kutoza ada ya kufungua kesi za aina hiyo. Halafu soma kifungu cha 25, haki hii ni mojawapo ya haki nne ambazo haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, iko pamoja na haki ya kutoteswa, kutofanywa mtumwa na kupata kesi ya haki. Ugaidi haukuondolewa hapo.

Msiniambie eti haifanyi kazi. Agosti 2024 watu watatu walichukuliwa Kitengela baada ya yale maandamano ya kupinga serikali, haikuwa kesi ya ugaidi lakini mbinu ni ile ile, polisi wakasema hawanao. Jaji Lawrence Mugambi akamwita kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli aje mwenyewe aeleze, hakuja, akaitwa tena na tena, na tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu miezi 6 jela kwa kudharau korti. Wiki moja baadaye wale watatu wakapatikana hai. Masengeli hakwenda jela, alifika akaomba radhi na hukumu ikaondolewa, lakini watu walirudi kwao. Najua kuna familia ambazo ombi limeandikwa, jaji ametoa amri, na mpaka leo hawajamwona mtu wao, siwezi kuwaambia hii karatasi inafufua. Ninachojua ni kwamba mapema ni bora kuliko baada ya wiki.

"Kama huna hatia eleza tu kila kitu, utaachiliwa"

Huu ushauri wazazi huwapa watoto wao kwa nia njema na unatuharibia kesi. Una haki ya kunyamaza na una haki ya kuongea na wakili kwanza, kunyamaza si kukubali kosa. Ungamo halikubaliki kortini mpaka litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo ambaye si mpelelezi wa kesi yako, tena pakiwa na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Sema jina lako, sema unataka wakili, basi. Na usitie sahihi karatasi hujaisoma ati kwa sababu umeambiwa ni utaratibu tu.

"Kesi ya ugaidi haina dhamana"

Kenya ina dhamana, isipokuwa serikali ionyeshe sababu nzito, na kazi ya kuonyesha ni yao. Naona watu wanachanganya na Tanzania. Kule masheikh wa kundi la Uamsho la Zanzibar walikaa ndani miaka bila dhamana mpaka DPP, mkurugenzi wa mashtaka, alipofuta mashtaka Juni 2021, na Freeman Mbowe, mwanasiasa wa upinzani, alikamatwa Mwanza Julai 2021 akakaa mahabusu mpaka Machi 2022, naye mashtaka yakafutwa. Kwa hivyo ndugu zetu wa huko wana vita yao na ni ngumu kuliko yetu. Hapa Kenya omba dhamana siku ya kwanza kabisa.

"Bunge likishapitisha sheria ya usalama imekwisha"

Haijaisha. Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya marekebisho ya usalama huku wabunge wakirushiana ngumi ukumbini, na Rais Uhuru Kenyatta akaitia sahihi kesho yake tarehe 19. Februari 2015 majaji watano wakatupa vifungu 8. Kulikuwa na kifungu cha kumfunga mwandishi miaka 3 au kumpiga faini ya mpaka milioni 5 kwa habari zinazodaiwa kuharibu uchunguzi, kulikuwa na kile cha upande wa mashtaka kuficha ushahidi mpaka kesi ianze, kile cha kusimamisha dhamana uliyokwisha kupewa, na kile cha kusema wakimbizi nchini wasizidi 150,000. Vyote vikaanguka. Lakini serikali haikushindwa kila mahali, kifungu cha vyombo vya usalama kusikiliza mawasiliano kilibaki, kwa hivyo mkiongea na mimi mambo ya kesi njooni ofisini, msinirekodie voisi ndefu.

"Hizi ni shida za Waislamu na Wasomali"

Aprili 2014 kwenye msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch maelfu walikusanywa Eastleigh, Nairobi, wengi Wasomali, wakafungiwa uwanja wa Kasarani, na nchi nzima karibu inyamaze. Sisi wa Pwani tulisema wakati ule kwamba chombo hiki kikishazoeleka kitatumika kwa wengine. 2025 vijana wa maandamano ya Juni 25 wakapandishwa korti ya Kahawa, ile inayosikiliza kesi za ugaidi, wakasomewa ugaidi. Julai ya mwaka huo mwanaharakati Boniface Mwangi akakamatwa, DCI, wapelelezi wa jinai, wakasema ni mambo ya kuwezesha ugaidi, kufika kortini shtaka likawa ni kupatikana na risasi, akatoka kwa bondi. Sasa wateja wanaonipigia kutoka bara wanaitwa Kamau na Otieno.

"Bila kuvunja sheria kidogo hatutakuwa salama"

Nimezika watu, najua Al-Shabaab ni nini, shambulio la duka la Westgate liliua 67, la chuo kikuu cha Garissa likaua 148. Lakini angalieni tarehe. Mhubiri Aboud Rogo alipigwa risasi Agosti 2012, Mombasa ikawaka, makanisa yakashambuliwa na polisi wakauawa kwa guruneti. Makaburi, mhubiri mwingine wa hapa, akauawa Aprili 2014 nje ya korti ya Shanzu, Kasarani ikajazwa watu mwezi huo huo, na Juni watu wa mji wa Mpeketoni wakachinjwa, Aprili iliyofuata ikawa Garissa. Nionyesheni ni wapi hapo usalama uliongezeka. Kilicholeta majibu kwa wafiwa ni kesi: 2019 watu watatu walihukumiwa kwa Garissa, mmoja akapata kifungo cha maisha, na 2020 wawili wakahukumiwa kwa Westgate, miaka 33 na miaka 18. Mshtakiwa wa tatu wa Westgate korti ilimwachilia, na Januari 2021 akachukuliwa na watu wenye bunduki Nairobi, familia yake bado inamtafuta. Korti ilikuwa imeshasema hana hatia.

"Anayetetea washukiwa anafadhiliwa na magaidi"

Hii naambiwa usoni. Aprili 2015, siku chache baada ya Garissa, MUHURI na Haki Africa, mashirika ya haki hapa Mombasa, yaliingizwa kwenye orodha ya serikali ya wanaoshukiwa kuhusika na Al-Shabaab, akaunti za benki zikafungwa, kazi zikasimama. Wakaenda kortini. Mahakama Kuu ya Mombasa mwezi wa sita ikasema hakuna kilichowaunganisha na ugaidi, lakini ilibidi wangoje mpaka Novemba ndipo jaji akaamuru akaunti zifunguliwe.