Mbu Tunayemsikia na Mbu Anayetuletea Malaria: Dhana Potofu katika Kaya za Mwanza

Katika kikao chochote cha mtaa, iwe Mabatini, Igogo au Kirumba, ukiuliza mbu wanatoka wapi, vidole vitaelekezwa ziwani na kwenye mtaro wa maji machafu. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana yanadumu. Hata hivyo, kaya inayojikinga kwa kuyategemea hayo tu hutumia fedha na nguvu kupambana na mdudu asiye na hatia au mwenye hatia ndogo, huku yule anayeleta malaria akipita juu ya ukuta saa nane usiku watu wamelala.

Dhana: Mawingu ya wadudu yanayopanda kutoka ziwani ni mbu.

Wakazi wa kandokando ya ziwa wanaifahamu hali hii: siku fulani fulani, hasa mwezi unapoandama, kitu kama moshi huonekana kikipanda juu ya maji, na jioni taa za baraza huzingirwa na wadudu wengi kiasi kwamba asubuhi hufagiliwa mafungu kwa mafungu. Zipo kaya zinazomaliza kopo zima la dawa ya kupuliza kwa usiku mmoja kwa ajili yao. Kwa umbo wadudu hao wanafanana na mbu, lakini hawafyonzi damu. Viluwiluwi wao hukulia ndani ya ziwa, wengi wao kwenye tope la chini, na wakishapata mabawa huishi muda mfupi tu, wa kupandana na kutaga. Dawa yao ni kuzima taa ya nje au kufunga mlango mpaka wapungue.

Ziwa lenyewe, pale penye mawimbi na samaki, si mahali ambapo mbu wa malaria hupenda kutaga. Anapenda ukingo uliotulia, katikati ya matete na magugu maji, na zaidi ya hapo anapenda vitu ambavyo sisi tumevitengeneza kando ya maji: mashimo ya wachimba mchanga, nyayo za ng'ombe, na mitumbwi iliyopandishwa mwaloni ikaachwa ijae mvua.

Dhana: Mbu wa malaria huzaliwa kwenye maji machafu.

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo. Mbu wanaojaa kwenye mitaro inayonuka, chemba zilizopasuka na mashimo ya vyoo kwa kawaida ni kuleksi. Ni wasumbufu, na katika ukanda wa pwani ndio wanaosambaza matende na mabusha, kwa hiyo anayesafisha mtaro wake hapotezi muda. Malaria, hata hivyo, huambukizwa na anofelesi jike, na aina yake iliyo maarufu zaidi, gambiae, huchagua maji madogo, ya muda, yaliyo masafi kiasi na yanayopigwa na jua. Katika jiji linalopanuka kama Mwanza, maji ya namna hiyo hayako mbali: msingi wa nyumba uliochimbwa Buhongwa ukasubiri fedha za tofali, alama za magurudumu ya lori kwenye barabara ya vumbi ya Igoma, au shimo la mwenye nyumba aliyechota udongo wa kusawazisha kiwanja akasahau kulifukia. Watu huyapita maji hayo bila kuyatilia shaka kwa sababu hayanuki.

Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa huchukua takriban siku 7 hadi 14, kutegemea joto. Kwa hesabu hiyo, dimbwi linalokauka siku ya tatu halitoi mbu hata mmoja, ilhali lile linalodumu wiki mbili baada ya mvua za masika au za vuli linastahili kufukiwa kwa kifusi au kuchimbiwa mfereji. Ukaguzi wa kiwanja mara moja kwa wiki unatosha, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kuufanya akielekezwa namna ya kumtambua kiluwiluwi: wa anofelesi hulala sambamba na uso wa maji, wakati wa kuleksi huning'inia kichwa chini. Hata mbu mzima hujitambulisha akitua ukutani, kwani anofelesi huinua makalio juu kama anayetaka kusimama kwa kichwa.

Dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi inayotengenezwa Kibaha, katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, inaweza kusaidia, ila ikimwagwa mitaroni peke yake huyaacha madimbwi haya yote yakiendelea na kazi yao.

Dhana: Ukikata majani kuzunguka nyumba, mbu wamekwisha.

Majani ni kivuli cha kupumzikia, si kitalu cha kuzalia. Kuyakata hakudhuru, lakini kama chini yake hapakuwa na maji, hujapunguza uzazi wa mbu.

Dhana: Tuna wavu madirishani, na chandarua ni cha wajawazito na watoto.

Sehemu ya pili ya dhana hii imetokana na utaratibu mwema. Vyandarua hutolewa kliniki kwa mama mjamzito na kwa mtoto anapofikia umri wa chanjo ya surua, basi baba akahitimisha kwamba yeye hahusiki. Kundi hilo linapewa kipaumbele kwa sababu malaria huliua kwa urahisi zaidi. Mtu mzima naye huumwa, na anaweza kubeba vimelea bila homa yoyote, akamwambukiza mbu anayemuuma, kisha mbu huyo baada ya siku zipatazo kumi na kuendelea akawa tayari kumwambukiza mtoto wa chumba cha pili.

Kuhusu wavu wa dirishani, tatizo liko juu yake. Anofelesi anapofika ukutani huelekea kupanda, na akikuta mwanya kati ya ukuta na bati huingia hapo. Nyumba nyingi zinazopandana kwenye vilima vyetu vya mawe zimeachiwa mwanya huo ili hewa ipite, jambo la busara kwa joto la bati. Haulazimiki kuzibwa kwa saruji. Wavu wa waya uliogongomelewa kuuzunguka ukuta wote huzuia mbu na kuacha hewa. Anayeweza dari aweke dari. Asiyeweza vyote viwili ana sababu ya ziada ya kulala ndani ya chandarua, ambacho, kwa maoni yangu, kinapaswa kununuliwa kabla ya feni.

Wapo wanaosema vyandarua vya siku hizi ni dhaifu kwa kuwa mbu hutua juu yake bila kufa. Hawasemi uongo: mbu wengi wa Kanda ya Ziwa wamekuwa sugu kwa viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa ndivyo pekee vilivyowekwa kwenye vyandarua. Jibu lake limepatikana jirani tu, wilayani Misungwi. Utafiti uliolinganisha vyandarua vya aina nne, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, ulionyesha kuwa baada ya miaka miwili watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 45.8 walikotumia vyandarua vya kawaida, na asilimia 25.6 walikotumia vyenye dawa ya pili iitwayo klofenapiri. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza aina hiyo itumike. Wanaolalamika kuwashwa ngozi mara nyingi wametoa chandarua kwenye mfuko na kulala humo usiku uleule. Kingetundikwa kivulini siku nzima kwanza. Kukianika juani baada ya kukifua, au kukifua kila wiki, huiondoa dawa mapema.

Dhana: Dawa ya kopo ni sawa na ile waliyokuja kupuliza ukutani.

Ya kopo huua waliomo chumbani wakati huo, na harufu ikiisha kazi imeisha. Dawa ukoko hubaki ukutani kwa miezi, mradi mwenye nyumba asipake rangi juu yake. Dawa ya kuchoma hupunguza kuumwa, lakini moshi wake katika chumba kilichofungwa si wa kumpumulia mtoto mchanga.

Dhana: Malaria huletwa na maembe mabichi au kunyeshewa mvua.

Maembe hukomaa wakati mvua za vuli zimejaza madimbwi. Embe limekutwa tu kwenye eneo la tukio.

Dhana: Mchana hakuna mbu wa kuogopa.

Edesi, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana na hueneza homa ya dengi, iliyokwisha kulipuka Dar es Salaam zaidi ya mara moja. Yeye hahitaji dimbwi. Hutosheka na tairi kuukuu, chungu cha maua, au jaba la maji ya akiba ambalo kila kaya inayopata mgawo wa maji inalo. Jaba lifunikwe kabisa, na linapooshwa lisuguliwe kuta zake kwa brashi, kwa sababu mayai ya edesi hugandishwa ukutani juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi hadi siku litakapojazwa tena.